Presha, kisukari na mdomo mkavu: Meno yanayooza bila mtu kuuliza kwa nini

Songea. Mtu akianza dawa za presha au kisukari, huambiwa mambo mengi mazuri: punguza chumvi, tembea, usiruke dozi, rudi kliniki tarehe uliyopangiwa. Jambo moja husahaulika mara nyingi. Haulizwi kama mdomo wake unakauka, wala haambiwi kuwa mdomo ukikaa mkavu kwa miezi, meno huanza kuoza kwa kasi ambayo hajawahi kuiona maishani.

Makala hii inaeleza mate yana kazi gani, nini kinayakausha, nani yuko hatarini zaidi hapa Ruvuma, na kwa nini wakati huu nchi inapojenga mfumo wa bima ya afya kwa wote ndiyo wakati wa kuuliza: je, kinywa nacho kimo?

Kwa ufupi

- Mate hulinda meno. Yakipungua, meno huoza haraka, ufizi huumia na fangasi hushambulia kinywa.
- Dawa nyingi za kawaida, kisukari kisichodhibitiwa na matibabu ya mionzi hupunguza mate.
- Usiache dawa zako kwa sababu ya mdomo mkavu. Mweleze mhudumu wa afya, dawa au dozi inaweza kubadilishwa.
- Pipi na soda si tiba ya mdomo mkavu. Zinaongeza tatizo.

Mate yanafanya kazi gani?

Wengi wetu tunayaona mate kama kitu cha kutema tu. Ukweli ni kwamba mwili wa mtu mzima hutengeneza mate kati ya nusu lita na lita 1 na nusu kila siku. Yanatoka kwenye tezi kubwa jozi tatu: zilizo mbele ya masikio, zilizo chini ya taya, na zilizo chini ya ulimi. Kuna na tezi ndogo mamia zilizotapakaa ndani ya midomo, mashavu na kaakaa.

Mate yana kazi nne ambazo mkulima anaweza kuzielewa kwa urahisi.

Kwanza, yanasafisha. Kama mvua inavyoosha vumbi kwenye majani ya mhogo, ndivyo mate yanavyoosha mabaki ya ugali, wali na maandazi kwenye meno.

Pili, yanapooza uchachu. Ndani ya kinywa wamo bakteria wanaokula sukari na wanga. Wakishakula, hutoa tindikali. Tindikali hiyo ndiyo inayolainisha na kutoboa jino. Baada ya mtu kunywa chai yenye sukari, kinywa chake hubaki kichachu kwa takribani nusu saa, kisha mate huurudisha uchachu katika hali ya kawaida. Mate yakiwa machache, uchachu hukaa muda mrefu zaidi na jino huendelea kuliwa.

Tatu, yanakarabati. Ndani ya mate kuna madini ya chokaa na fosfeti yanayorudi kwenye jino lililoanza kulainika. Dawa ya meno yenye madini ya floraidi husaidia kazi hiyo kwenda vizuri zaidi.

Nne, yanapambana na vijidudu. Mate yana kinga za mwili zinazowazuia bakteria na fangasi wasizidi kiasi.

Ndiyo maana mtu aliyekaa miaka 50 bila kujua maumivu ya jino anaweza, ndani ya mwaka mmoja au miwili ya mdomo mkavu, kujikuta na meno manne au matano yaliyotoboka. Huoza hasa pale chini karibu na ufizi, sehemu ambayo kwa kawaida haiozi kirahisi. Tabibu wa meno akiona uozo wa namna hiyo kwa mtu mzima, mojawapo ya maswali ya kwanza ni: unatumia dawa gani?

Utajuaje kuwa una tatizo hili?

Kila mtu hukauka mdomo akiwa na hofu, akiwa na homa, au akilima juani bila maji. Hiyo hupita. Tatizo ni pale hali inapodumu kwa wiki na miezi. Jiulize maswali haya:

- Je, ni lazima unywe maji ili kumeza chakula kikavu kama mkate, makande au ugali wenye mboga kidogo?
- Je, ulimi wako hunata kwenye kaakaa unapozungumza?
- Je, unaamka usiku mara kwa mara kunywa maji kwa sababu ya ukavu wa mdomo?
- Je, midomo inapasuka pembeni, au ulimi unawaka ukila pilipili au chumvi?
- Je, harufu mbaya ya kinywa inarudi muda mfupi tu baada ya kupiga mswaki?
- Kwa wenye meno ya bandia: je, yameanza kulegea au kuumiza ufizi?

Ukijibu ndiyo kwa maswali mawili au zaidi, na hali imedumu, zungumza na mhudumu wa afya. Ukiona utando mweupe kwenye ulimi au ndani ya mashavu, ambao ukiufuta pabaki pekundu, huenda ni fangasi. Huo hutibika, lakini unahitaji dawa sahihi.

Nini kinakausha mate?

*Dawa.* Hii ndiyo sababu inayoongoza kwa watu wazima, na kuna mamia ya dawa zenye athari hii. Baadhi zinajulikana na kila mtu hapa kwetu. Dawa za mafua na mzio kama Piriton hukausha mdomo. Dawa za presha za kundi linalomfanya mtu akojoe sana hupunguza maji mwilini, na mate hupungua pia. Dawa ambayo kwenye pakiti imeandikwa Amitriptyline, inayotolewa kwa sonona, kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na wakati mwingine kwa kukosa usingizi, inajulikana sana kwa kukausha mdomo. Zimo pia baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, dawa za kutuliza tumbo linalosokota kama Buscopan, na dawa za kuvuta za pumu.

Hatari huongezeka dawa zinapokuwa nyingi. Mzee anayetumia dawa moja ya presha huenda asione tofauti yoyote. Ukiongeza ya kisukari, ya miguu kuwaka moto na ya usingizi, mdomo unakuwa kama mfereji wa kiangazi.

*Kisukari.* Sukari ikipanda kwenye damu, mwili hujaribu kuitoa kwa mkojo. Mtu hukojoa sana na kupoteza maji, ndiyo maana kiu na mdomo mkavu ni kati ya dalili za mwanzo za kisukari. Kuna watu waliogundulika na ugonjwa huu kwa sababu tu walikwenda kulalamika kuhusu kiu isiyoisha. Kisukari pia hufanya ufizi uumie na kuchelewa kupona, na ufizi wenye maambukizi hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Matatizo haya mawili yanalishana.

*Virusi vya Ukimwi.* VVU vinaweza kuvimbisha tezi za mate, hasa zile za mbele ya masikio, na kupunguza mate. Fangasi wa kinywa ni dalili inayojulikana kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Kutumia dawa za kufubaza virusi kwa usahihi hulinda kinga, na kinga ikiwa imara kinywa nacho hulindwa.

*Mionzi ya saratani.* Mgonjwa wa saratani ya kichwa au shingo akipigwa mionzi, tezi za mate zilizo kwenye njia ya mionzi huharibika. Wengine hupona kiasi, wengine hubaki na mdomo mkavu maisha yote. Nitarudi kwenye jambo hili chini, kwa sababu lina hatari moja ambayo kila familia inapaswa kuijua.

*Ugonjwa wa kinga kushambulia mwili.* Upo ugonjwa uitwao Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na za machozi. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa kati. Mama akikauka mdomo na macho kwa pamoja, macho yakawasha kama yana mchanga, amweleze daktari yote mawili.

*Maisha ya kila siku.* Sigara, ugoro, pombe kali, kulala ukihema kwa mdomo, na kufanya kazi siku nzima bila kunywa maji. Mkoa wetu una mashamba ya tumbaku Namtumbo na Songea, na wanaovuta hawakosekani vijijini. Vijana wa bodaboda nao wanashinda kwenye upepo na vumbi, na wengi huondoa kiu kwa vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye sukari na uchachu. Kwa meno, kinywaji cha namna hiyo kwenye mdomo uliokauka ni hasara juu ya hasara.

Kwa nini tulizungumze sasa?

Zamani daktari wa kijijini alihangaika zaidi na malaria, kuhara na kifua. Magonjwa hayo bado yapo, lakini yasiyoambukiza yamekuja kukaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa karibu 26 kati ya kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu 9 kati ya kila 100 walikuwa na kisukari. Tangu hapo kliniki za presha na kisukari zimeendelea kufunguliwa, na vidonge ambavyo zamani vilipatikana mjini tu leo viko karibu zaidi na kijiji.

Hayo ni mafanikio, na maisha mengi yanaokolewa. Lakini kila mgonjwa mpya anayeanza dawa za kudumu ni kinywa kipya kinachoweza kukauka. Tiba ya ugonjwa mmoja isipofuatiliwa inazalisha tatizo jingine kwa ukimya.

Upande wa pili, dunia imeanza kukubali kuwa kinywa kilisahaulika. Mwezi Mei 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kutaka afya ya kinywa iingizwe kwenye huduma za msingi na kwenye bima ya afya kwa wote. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa karibu watu bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa wa kinywa, na watatu kati ya kila wanne wako kwenye nchi za kipato cha kati. Mwezi Novemba 2024 nchi zilikutana Bangkok, Thailand, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa afya ya kinywa. Lengo lililowekwa ni kwamba ifikapo mwaka 2030, asilimia 80 ya watu duniani wawe na haki ya kupata huduma muhimu za kinywa.

Na hapa nyumbani, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaisaini mwezi huohuo. Sheria hiyo inataka kila mkazi awe na bima, na wasio na uwezo wagharamiwe kupitia mfuko maalumu. Miongoni mwa vyanzo vya fedha vilivyotajwa kwa ajili ya mfuko huo ni sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, yaani soda, na wa vileo.

Hapo ndipo pana hoja ya kutafakari, msikilizaji. Kama sehemu ya fedha za bima inatoka kwenye soda, na soda ni kati ya vitu vinavyotoboa meno yetu, basi ni haki kuuliza ni kiasi gani cha fedha hizo kinarudi kutibu meno hayo.

Tatizo la milango miwili

Chukulia mama wa miaka 58 anayeishi kijiji cha ndani, wilaya ya Namtumbo. Ana presha na kisukari. Kila mwezi anapanda pikipiki kwenda kliniki. Anapimwa presha, anapimwa sukari, anapewa vidonge, anarudi nyumbani jioni. Mdomo umekuwa mkavu tangu dawa ya tatu ilipoongezwa, lakini anadhani ndiyo uzee. Anaweka pipi mfukoni, anamung'unya moja baada ya nyingine ili apate mate. Baada ya miezi jino linaanza kuuma.

Kwa kitengo cha meno ni mlango mwingine, siku nyingine, foleni nyingine na nauli nyingine. Kwa hiyo anasubiri. Anaweka karafuu, anakunywa dawa za maumivu. Anapofika hatimaye, jino limeshaoza mpaka kwenye mzizi na halizibiki. Linang'olewa. Miezi minne baadaye anarudi, la pili linang'olewa. Hakuna aliyekosea kazi yake: wa kliniki ametibu presha, na wa meno ametibu jino. Lakini hakuna aliyeunganisha vidonge, pipi na jino.

Ndiyo hali ya huduma za meno katika sehemu kubwa ya nchi yetu: tiba inayotolewa zaidi ni kung'oa, kwa sababu watu wengi hufika wakiwa wamechelewa na kwa sababu huduma ya kuziba haiko karibu. Zahanati nyingi za vijijini hazina mtaalamu wa meno. Anapatikana kwenye baadhi ya vituo vya afya, hospitali za wilaya, hospitali kama ile ya misheni ya Peramiho, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea.

Je, kung'oa kuna hasara gani? Mzee aliyepoteza magego hawezi kutafuna karanga, nyama wala mboga ngumu. Anabaki na uji, ugali laini na chai ya sukari. Kwa mwenye kisukari, mlo wa namna hiyo hupandisha sukari, na sukari ikipanda mdomo unakauka zaidi. Tumerudi pale pale.

Hatari kubwa kuliko zote ni nyingine. Kuna mgonjwa ambaye akitambua kuwa ni vidonge vinavyomkausha mdomo, anaviacha kimyakimya. Presha haina maumivu, kwa hiyo anajiona mzima. Mpaka siku anapoanguka kwa kiharusi. Ndiyo sababu swali dogo, "mama, mdomo unakauka?", linaweza kuokoa zaidi ya jino.

Nini kinawezekana bila mitambo ya gharama?

Habari njema ni kwamba mengi yanayohitajika hayahitaji umeme wala kiti cha meno cha kisasa.

Jambo ambalo Watanzania wengi hawalijui: njia ya kuziba meno bila mashine ya kutoboa, inayotumika sasa katika nchi nyingi duniani, ilianzia hapahapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, pamoja na wenzake, walianza kutumia vifaa vya mkono kuondoa sehemu laini iliyooza na kisha kuziba kwa saruji maalumu ya meno. Haihitaji umeme, na mara nyingi haihitaji sindano ya ganzi. Ilibuniwa kwa kuangalia mazingira kama ya vijiji vyetu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu vitu vitatu vya kinywa: dawa ya meno yenye floraidi, saruji hiyo ya kuziba, na dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi inayopakwa kwenye jino lililooza ili uozo usimame. Dawa hiyo ya kupaka huacha doa jeusi kwenye sehemu iliyooza, lakini hupakwa kwa dakika chache na huokoa jino. Kwa mzee mwenye mdomo mkavu na meno yaliyoanza kuliwa kwenye shingo, hiyo ni nafuu kubwa.

Kwa hiyo, bima ya afya kwa wote inapotekelezwa hatua kwa hatua, wananchi na wawakilishi wao wana maswali matatu halali ya kuuliza kwenye vikao vya kijiji, kwenye kamati za zahanati na kwa madiwani:

1. Kifurushi chetu kinagharamia kuziba jino, au kung'oa tu?
2. Kituo chetu cha afya kina mtaalamu wa meno na vifaa vya kuziba kwa mkono?
3. Siku ya kliniki ya presha na kisukari, je, mgonjwa anaweza kuangaliwa kinywa siku hiyohiyo, bila kulipa nauli mara mbili?

Swali la tatu halihitaji bajeti kubwa. Linahitaji mpangilio. Muuguzi wa kliniki anaweza kuuliza swali moja na kutazama kinywa kwa mwanga wa tochi ya simu. Akiona tatizo, amwelekeze mgonjwa mlango wa pili akiwa bado yuko hospitali.

Kwa familia zenye mgonjwa wa saratani

Kutoka Songea hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Familia inajipanga kwa nauli, mahali pa kulala na chakula. Katika pilikapilika hizo, meno hayakumbukwi.

Lakini kama mgonjwa wako atapigwa mionzi ya kichwa au shingo, mwulize daktari kuhusu ukaguzi wa meno kabla ya mionzi kuanza. Meno mabovu yasiyookoka hung'olewa kabla, na kidonda hupewa muda wa kupona. Sababu ni hii: mionzi hupunguza uwezo wa mfupa wa taya kupona. Jino likija kung'olewa baada ya mionzi, hata baada ya miaka, kidonda kinaweza kukataa kufunga na mfupa ukafa. Mtu yeyote aliyewahi kupigwa mionzi sehemu hizo amweleze tabibu wa meno kabla ya kukubali kung'olewa jino lolote.

Ufanye nini nyumbani?

*Usiache dawa.* Mwambie mhudumu: "Tangu nianze dawa hii mdomo unakauka." Anaweza kupunguza dozi, kubadilisha muda wa kumeza, au kukupa ya kundi jingine. Nenda na pakiti zote unazotumia, pamoja na zile ulizonunua duka la dawa na za mitishamba.

*Kunywa maji kidogokidogo mara nyingi.* Beba chupa shambani. Fundo dogo kila baada ya muda ni bora kuliko lita nzima kwa mkupuo. Wenye ugonjwa wa moyo au figo wafuate kiasi walichopangiwa na daktari.

*Achana na pipi za sukari.* Ukitaka kuchochea mate, tafuna kitu kisicho na sukari: tango, karoti, au kijiti safi cha mswaki. Bazoka zisizo na sukari zinasaidia kama unazipata.

*Kuwa makini na limau, ukwaju na maembe mabichi.* Ni kweli vinaleta mate haraka, lakini vina uchachu mkali. Mdomo wenye mate machache hauwezi kuupooza, na jino linaliwa.

*Punguza idadi ya mara unazokula sukari.* Chai ya sukari mara moja pamoja na chakula ni afadhali kuliko kikombe kimoja kinachonywewa kidogokidogo tangu asubuhi mpaka mchana.

*Piga mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi.* Soma pakiti. Mara ya usiku ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mtu akilala mate hupungua sana hata kwa aliye mzima. Ukimaliza, tema povu lakini usisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno. Mswaki wa mti unasafisha vizuri ukitumiwa kwa uangalifu. Ukiupaka dawa ya meno, unapata na floraidi.

*Acha sigara na ugoro, punguza pombe.* Tumbaku na pombe, zaidi ya kukausha, huongeza hatari ya saratani ya kinywa.

*Meno ya bandia yavuliwe usiku.* Yasuguliwe kwa brashi na kulazwa kwenye maji safi.

*Usitie maji ya betri, mafuta ya taa wala dawa ya wadudu kwenye jino.* Yanaunguza ufizi na yanaweza kukudhuru vibaya.

Lini uwahi hospitali bila kusubiri?

Nenda mapema ukiona uvimbe wa shavu au chini ya taya, homa pamoja na jino linalouma, ugumu wa kufungua mdomo, kumeza au kuhema, kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki 2, au kiu kali pamoja na kukojoa sana na kupungua uzito. Hiyo ya mwisho inahitaji kipimo cha sukari siku hiyohiyo.

Neno la mwisho kuhusu sera

Mjadala wa bima ya afya mara nyingi huishia kwenye kiasi cha mchango na nani atalipa. Ni mjadala wa lazima. Lakini bima nzuri hupimwa pia kwa vitu vidogo inavyovizuia. Kidonge cha presha kinachotolewa bila swali kuhusu mdomo, mwisho wake kinaweza kuwa jino lililong'olewa, lishe iliyoharibika, au mgonjwa aliyeacha dawa. Gharama ya kuuliza ni dakika moja.

Mpaka mfumo utakapolifanya swali hilo kuwa la kawaida kila kliniki, lianzishe wewe. Siku yako ya kliniki ikifika, usisubiri kuulizwa. Na kama una mzazi anayetumia dawa za kudumu, mpigie simu leo jioni umuulize: mdomo unakauka? Anatafuna vizuri? Akisema hapana, hapo ndipo pa kuanzia.